Kila Februari ina wenyewe: makato ya NSSF katika shule moja ya Lanet

Mwanzoni mwa Machi 2026, bursa (mtunza fedha) wa shule moja ya kibinafsi upande wa Lanet, jijini Nakuru, alipakia orodha ya mishahara ya Februari kwenye tovuti ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Kenya, akitarajia bili ya Sh80,640. Tovuti ikamletea Sh59,640. Akadhani mtandao unamchezea. Akapakia tena, ikaja ile ile. Tarehe 9, siku ya mwisho ya kulipa michango ya mwezi uliotangulia, ilikuwa inabisha hodi, na yeye ana Sh21,000 asizojua pa kuziweka.

Ndipo akanipigia. Mimi huwatunzia waajiri wadogo vitabu vya mishahara, na simu za namna hii huja kila mwaka msimu huu. Jina la shule na ya watu nimeyaacha nje. Mishahara nimeiweka ilivyo, kwa sababu bila hiyo kisa hakieleweki.

Shule ina watu 12 kwenye orodha. Mlinzi wa mchana hulipwa Sh16,500 na mpishi Sh17,500. Hawa wawili wanakaa kwenye vyumba vya shule. Dereva hupata Sh24,000. Walimu watano wako Sh30,000 kila mmoja, wengine wawili Sh48,000, mwalimu mkuu Sh85,000, na mkurugenzi mwenyewe, ambaye ndiye mwenye shule, hujilipa Sh120,000. Hakuna marupurupu juu ya hapo, jambo lililonipunguzia kazi.

Kabla ya tovuti kukataa hesabu ya bursa, mpishi alikuwa ameshaikataa. Mama huyu hapigi hesabu za asilimia, lakini mshahara wake anaujua mpaka shilingi ya mwisho. Pesa zilipoingia kwenye simu mwisho wa Februari, alienda moja kwa moja ofisini.

"Kijana wangu, mwezi huu nimekosa kazi siku gani?"

"Hujakosa, Mama. Ni NSSF. Serikali imepandisha, hata Mkurugenzi amekatwa."

"Mkurugenzi akikatwa anakula. Mimi hizi mia tano na ishirini na tano ni unga na mafuta."

Bursa alimjibu kwa nia njema, na kuhusu Mkurugenzi alisema kweli tupu. Kwa mama huyu, hata hivyo, hakuna aliyepandisha chochote. Makato yake halali ya Februari 2026 ni Sh1,050, yale yale aliyokatwa Februari 2023, na 2024, na 2025. Shule ilikuwa imemkata Sh1,575.

Hesabu ilipotokea ni hivi. Bursa aliyetangulia aliondoka Desemba na kuacha faili la Excel ambalo fomula zake zilikuwa zimefutwa na kubaki tarakimu tupu. Mrithi wake akakuta safu ya makato ya Januari bila maelezo yoyote. Februari ikafika, habari zikasema mchango wa NSSF umepanda kutoka Sh4,320 hadi Sh6,480. Akagawanya, akaona ni nyongeza ya nusu. Basi akachukua makato ya kila mtu ya Januari akayaongeza kwa nusu. Mlinzi kutoka 990 hadi 1,485. Dereva kutoka 1,440 hadi 2,160. Walimu wa elfu thelathini kutoka 1,800 hadi 2,700, wale wa arobaini na nane kutoka 2,880 hadi 4,320. Mwalimu mkuu na mkurugenzi, waliokuwa wote kwenye 4,320, wakapelekwa 6,480. Jumla ya makato ikatoka Sh26,880 hadi Sh40,320, na kwa kuwa mwajiri hulipa kiasi sawa na cha mfanyakazi, bili ikatarajiwa kuwa maradufu ya hiyo, yaani Sh80,640.

Simlaumu sana. Ukisoma matangazo na vichwa vya habari vya kila mwaka, kinachotajwa kwa herufi kubwa ni kiwango cha juu kabisa, kile kinachomhusu mtu wa mshahara mnono. Mlinzi wa lango anasikia "NSSF imepanda" kwenye redio ya matatu na kuamini imempandia yeye.

Asilimia yenyewe haijaguswa. Sheria ya NSSF ya mwaka 2013 inamtaka mfanyakazi achangie asilimia 6 ya mapato yake na mwajiri asilimia 6, basi. Kinachosogezwa kila Februari ni vikomo viwili vya mapato yanayohesabiwa. Mwaka 2023 kikomo cha chini kilikuwa Sh6,000 na cha juu Sh18,000. Mwaka 2024 vikawa Sh7,000 na Sh36,000. Mwaka 2025, Sh8,000 na Sh72,000. Mwaka huu wa 2026, Sh9,000 na Sh108,000. Mapato yaliyo juu ya kikomo cha juu hayakatwi kitu. Kwa hivyo ukitaka makato ya mtu, unachukua kilicho kidogo kati ya mshahara wake na 108,000, unazidisha kwa 0.06. Asilimia 6 ya 108,000 ni 6,480, na hapo ndipo ile namba ya redioni inapotoka.

Mpishi wetu na Sh17,500 yake alikuwa chini ya kikomo cha juu tangu siku ya kwanza. Asilimia 6 ilishachukuliwa kwenye mshahara wake wote mwaka 2023. Kikomo kikipanda hadi 36,000, hadi 72,000, hadi milioni, hakimpati, kwa sababu hana mapato huko juu ya kukatwa. Kitakachobadilisha makato yake ni nyongeza ya mshahara.

Ukiwapanga watu wa shule hii kwa mishahara, unaona kila Februari ilikuwa na watu wake. Ile ya 2023 iligusa wote, na iliwaumiza zaidi wa chini. Kabla ya hapo mchango ulikuwa Sh200 kwa mfanyakazi na Sh200 kwa mwajiri, uwe unafagia au unasaini hundi. Mlinzi akatoka Sh200 hadi Sh990 kwa mwezi mmoja, na mpaka leo mzee huyo akizungumzia NSSF huanza na "wakati wa mia mbili". Walimu na mkurugenzi wote waligota kwenye Sh1,080, asilimia 6 ya elfu kumi na nane. Februari 2024 ikawapita mlinzi na mpishi, ikawachukua waliozidi Sh18,000: dereva akafika 1,440, walimu wa elfu thelathini wakafika 1,800, na hapo wakatulia. Ya 2025 ilikuwa ya waliozidi Sh36,000. Walimu wawili wa elfu arobaini na nane walitoka 2,160 hadi 2,880, mwalimu mkuu na mkurugenzi wakafika 4,320. Ya mwaka huu ni ya waliozidi Sh72,000, na katika shule nzima hao ni wawili tu. Mwalimu mkuu anatakiwa kukatwa 5,100, yaani asilimia 6 ya mshahara wake wote wa 85,000. Mkurugenzi amezidi kikomo, kwa hivyo anakatwa 6,480.

Maana yake, katika orodha nzima ya bursa, mtu mmoja pekee ndiye aliyekatwa sawasawa. Ni mwenye shule.

Nilipolifikisha kwake jambo hili, mkurugenzi alikuwa ana mkutano wa walimu aliopanga kwa wiki ileile. Ajenda ilikuwa moja: nyongeza ya mwaka haipo, serikali imeila. Alikuwa ameshapewa hesabu na bursa kwamba upande wa mwajiri umeongezeka kwa Sh13,440 kwa mwezi, zaidi ya Sh161,000 kwa mwaka. Ukiendesha shule ya kibinafsi yenye karo zinazoingia kwa mafungu, hizo si pesa za kudharau. Lakini nyongeza halisi kwa upande wake ni Sh2,940 kwa mwezi: Sh780 kwa ajili ya mwalimu mkuu na Sh2,160 kwa ajili ya mshahara wake yeye mwenyewe. Kwa mwaka ni Sh35,280. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hivyo hii NSSF imenipandia mimi?" Nikamwambia ndiyo, yeye na mwalimu mkuu. Walimu wa darasa, dereva, mama wa jikoni na mzee wa lango hawajamgharimu hata shilingi moja zaidi ya Januari.

Mkutano ulifanyika, ajenda ikabadilika. Sikuhudhuria.

Turudi kwa bursa, maana alichokaribia kufanya kinastahili kuangaliwa kwa karibu kuliko kosa lenyewe. Tovuti ya NSSF haimuulizi mwajiri amekata ngapi. Unapakia jedwali lenye namba ya mwanachama, kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya mapato) na mshahara ghafi, nayo inapiga hesabu yenyewe. Ndiyo maana ilileta Sh59,640, na ilikuwa sahihi. Lakini jedwali hilo lina safu nyingine, ya michango ya hiari. Bursa, kwa kutaka vitabu vyake vilingane, alikuwa ameanza kujaza humo zile ziada: 525 mpishi, 495 mlinzi, 720 dereva. Alifika kwa mwalimu wa tatu ndipo simu ikanijia.

Kuna watakaosema hakuna ubaya, pesa si zinaenda kwenye akaunti ya mama mwenyewe? Siafikiani nao. Mchango wa hiari ni wa hiari ya mwenye mshahara, na hapa mwenye mshahara alikuwa amesimama mlangoni siku chache kabla akisema anataka unga. Pesa ikishaingia NSSF haitoki ukiihitaji. Husubiri umri wa miaka 60, au kuanzia 50 kwa anayestaafu mapema, ukiacha mambo kama ulemavu au kifo. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo, kifungu cha 19, imeweka wazi ni makato gani mwajiri anaruhusiwa kutoa kwenye mshahara, na kusawazisha faili la Excel hakumo. Tulifuta safu yote ya hiari na kupakia upya.

Halafu ikaja kazi ya kurudisha. Ziada yote iliyokatwa kwa wafanyakazi ilikuwa Sh10,500. Nusu nyingine ya ile Sh21,000 haikuwa ya mtu. Ilikuwa ni sehemu ya mwajiri iliyoandikwa kwenye karatasi tu na haijawahi kutoka benki. Mkurugenzi alisema warudishiwe Sh10,500 jioni ile ile. Nikamwomba asubiri hadi asubuhi, kwa sababu ya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara.

Mchango wa NSSF hutolewa kwenye mapato kabla kodi haijahesabiwa, pamoja na SHIF (bima ya afya) na tozo ya nyumba. Ukimkata mtu NSSF nyingi kuliko anayopaswa, unamhesabia kodi ndogo kuliko anayopaswa. Mwalimu wa Sh30,000 hulipa SHIF ya Sh825 na tozo ya nyumba ya Sh450. Ukitoa na NSSF sahihi ya 1,800, mapato yake ya kutozwa kodi ni Sh26,925. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, na ile Sh2,400 inayopatikana humezwa na nafuu ya kila mwezi ya kiasi hicho hicho. Zinabaki Sh2,925 zinazotozwa asilimia 25, kodi ikawa Sh731.25. Kwa NSSF ya bursa ya 2,700, kodi ilikuwa imeshuka hadi Sh506.25. Kwa hivyo mwalimu alikuwa amekatwa Sh900 za ziada huku, na kupunguziwa Sh225 za kodi kule. Anachodai ni Sh675.

Kwa walimu wa elfu arobaini na nane, ambao shilingi zao za juu hutozwa asilimia 30, ziada ilikuwa Sh1,440 na kodi iliyopungua Sh432, wakarudishiwa Sh1,008. Mwalimu mkuu, Sh966. Mlinzi, mpishi na dereva hawafiki kwenye kodi kabisa, kwa hivyo walirudishiwa zote, na mpishi akapata 525 zake nzima. Shule ililipa Sh8,097 kwa wafanyakazi na kuongeza Sh2,403 kwenye PAYE kabla ya kuwasilisha. Kwa kuwa siku ya mwisho ya PAYE nayo ni tarehe 9, yote yalirekebishwa kwa mpigo mmoja bila faini. Kosa hili lingegunduliwa Juni, tungekuwa tunazungumza lugha nyingine.

Hesabu hiyo hiyo ya kodi inasaidia kumtuliza aliyepandishiwa kweli. Mwalimu mkuu aliona 4,320 imekuwa 5,100 na kulalamika kwamba amepoteza Sh780. Kodi yake imeshuka kwa Sh234, kwa hivyo mkononi amepungukiwa na Sh546. Bado ni pesa, ila shule nayo imemwekea Sh780 zaidi kwenye akaunti yake, na hizo hazionekani kwenye hati ya mshahara. Mimi ningependa kila mwajiri aandike sehemu yake kwenye hati hiyo, hata kwa herufi ndogo. Watu wengi hudhani mchango wao ni nusu ya ulivyo.

Baada ya marekebisho, mwalimu mmoja wa elfu thelathini alirudi na swali ambalo nilifurahi kuulizwa. Hati yake mpya ilionyesha jumla ya 1,800 kama Januari, lakini daraja la kwanza lilikuwa limepanda kutoka 480 hadi 540 na la pili limeshuka kutoka 1,320 hadi 1,260. Alidhani bursa anapapasa tena. Hapana, hiyo ni kazi ya kikomo cha chini. Daraja la kwanza ni asilimia 6 ya mapato mpaka kikomo cha chini, ambacho sasa ni Sh9,000. Daraja la pili ni asilimia 6 ya yanayobaki mpaka kikomo cha juu. Cha chini kikipanda kwa elfu moja, Sh60 huhama kutoka daraja la pili kwenda la kwanza, na mtu wa mshahara wa kati haoni tofauti mfukoni.

Tofauti hiyo ina maana kwa mwajiri mwenye mfuko wa pensheni wa kibinafsi. Daraja la kwanza lazima liende NSSF. La pili mwajiri anaweza kuomba idhini kwa RBA, mamlaka inayosimamia mifuko ya kustaafu, alipeleke kwenye mfuko uliosajiliwa. Mkurugenzi aliposikia kuna mlango huo macho yalimwangaza, akidhani ni wa kutokea. Nikamweleza kwamba kiasi kinabaki kile kile kwa yeye na kwa mfanyakazi. Kinachobadilika ni nani anazitunza na kuziwekeza. Kwa shule ya watu 12, sioni kwa nini ajitwike kazi hiyo.

Aliuliza pia kama kweli hii sheria itasimama, kwa kuwa alikumbuka kesi. Alikumbuka vizuri. Ngazi hii ya viwango ilikuwa ianze kupandwa 2014, ikazuiwa mahakamani. Septemba 2022 Mahakama ya Ajira ikaitangaza sheria kuwa kinyume cha Katiba. Tarehe 3 Februari 2023 Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo, na makato yakaanza mwezi ule ule. Mwaka mmoja baadaye Mahakama ya Juu ikairudisha kesi kwa Mahakama ya Rufaa isikilizwe upya. Katika hayo yote makato hayakusimama, na mwajiri anayengoja mahakama huku halipi anajikusanyia malimbikizo na faini za kila mwezi.

Februari 2027 ndio mwaka wa tano wa ngazi. Mpaka sasa kikomo cha juu kimekuwa nusu ya wastani wa mapato ya kitaifa, kisha wastani mzima, kisha mara mbili, kisha mara tatu. Wa tano ni mara nne. Kwa shule hii, kikomo kikivuka Sh120,000 mkurugenzi atakatwa asilimia 6 ya mshahara wake wote, yaani Sh7,200, na shule itamlipia kiasi hicho hicho. Wengine wote 11 wameshakatwa asilimia 6 kamili, hakuna cha kuwaongezea. Niliiweka sentensi hiyo kwenye faili, juu kabisa, pamoja na seli mbili za vikomo ambazo fomula zote zinasoma kutoka kwazo, ili bursa akibadilisha tarakimu mbili awe amemaliza.

Kwenye pilkapilka hizo wafanyakazi wote walishauriwa wafungue taarifa zao za NSSF na kulinganisha na hati za mshahara. Kumi na moja zililingana. Ya dereva ilikuwa na pengo la miezi minane, lakini ni ya 2023, kabla hajaajiriwa Lanet, wakati akiendeshea mwajiri mwingine ambaye alimkata na hakuwasilisha. Hati za miezi sita bado anazo, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na leseni ya zamani. Ameshazipeleka ofisi ya NSSF mjini, na amepewa fomu ya malalamiko ya kujaza.